Ili Waogope, Wakaogopa, Wasingaliogopa: Maoni Juu ya Tathmini ya Mwanzo wa Filamu ya Kutisha ya Wanafunzi

1.0 Utangulizi

Kuanzia mwaka 2008 hadi mtaala ulipobadilishwa mwaka 2017, wanafunzi wa sekondari ya juu nchini Uingereza waliosoma somo la vyombo vya habari chini ya bodi ya mitihani ya OCR walipewa kazi ambayo, kwa maoni yetu, inastahili kuangaliwa na mtaalamu wa lugha. Waliochagua video walitakiwa kutengeneza majina ya utangulizi na mwanzo wa filamu mpya ya kubuni, usiozidi dakika 2. Filamu yenyewe haikuwapo wala haikukusudiwa kuwapo. Kilichotakiwa ni mlango tu, pasipo nyumba nyuma yake. Filamu ya kutisha ilikuwa miongoni mwa chaguo zilizopendwa, na sababu zake si ngumu kuziona: korido ya shule, msitu mdogo ulio jirani, au nyumba ya mzazi aliye safarini vilitosha kuwa mandhari.

Baada ya kutengeneza, mwanafunzi alitakiwa kutathmini. Alama 100 za kazi hiyo ziligawanywa hivi: utafiti na upangaji 20, utengenezaji 60, na tathmini 20. Makala haya yanahusu hizo 20 za mwisho. Tunadai kwamba tathmini ya namna hiyo iliwafundisha wanafunzi kueleza nia zao badala ya kuchunguza matokeo ya walichokifanya, na kwamba kasoro hiyo huonekana wazi zaidi katika filamu ya kutisha kuliko katika utanzu mwingine wowote. Tunadai pia kwamba sarufi ya Kiswahili inatupa njia nyepesi ya kuionyesha kasoro hiyo na kupendekeza namna ya kuirekebisha.

Yafaa ieleweke mapema kwamba hatuandiki kama wataalamu wa filamu. Tathmini ni matini. Ina vitenzi vyake, viunganishi vyake na mazoea yake ya kupanga hoja. Kwa msingi huo iko katika uwanja wetu.

2.0 Umbo la Tathmini

Mwanafunzi alijibu maswali saba. Kwa muhtasari, aliulizwa: kazi yake inatumia, inaendeleza au inapinga vipi kaida za kazi halisi za aina hiyo, inasawirije makundi ya jamii, ni taasisi gani ingeweza kuisambaza, na kwa nini, hadhira yake ni nani, aliivutaje hadhira hiyo, amejifunza nini kuhusu teknolojia, na amepiga hatua gani tangu zoezi la awali. Zoezi hilo la awali lilikuwa la kupima mfululizo wa picha: mhusika afungue mlango, avuke chumba, aketi kumkabili mwenziwe, kisha wabadilishane maneno machache.

Maswali hayo si mabaya. Lakini tukiyasoma kwa makini tunaona kwamba hakuna hata moja linalouliza moja kwa moja kama kazi ilifanya ilichokusudiwa kufanya. Swali la tano linakaribia, ila linauliza njia iliyotumiwa kuivuta hadhira, si kama hadhira ilivutika. Swali kuhusu maoni ya watazamaji liliwekwa katika ngazi ya pili ya masomo, kwa kazi nyingine. Katika ngazi hii ya kwanza, mwanafunzi aliweza kuandika tathmini kamili ya filamu ya kutisha bila ya kuwapo mtu hata mmoja aliyetishika.

Swali la kwanza ndilo lililozaa mazoea ambayo tunayapinga. Mwanafunzi anayeulizwa kuhusu kaida hutafuta orodha ya kaida: giza, msichana aliye peke yake, mlango unaolia, kamera inayotikisika, muziki wa nyuzi za juu, mtu aliyejificha uso. Kisha huipitia orodha na kuweka alama ya vema mbele ya kila kilichomo katika kazi yake. Kitenzi kinachotawala matini ya namna hiyo ni *tulitumia*. Tulitumia hiki, tulitumia kile. Tathmini inakuwa daftari la ghala.

3.0 Hofu na Kisichosemwa

Ubaya wa daftari la ghala ni kwamba huhesabu vilivyomo tu. Hofu katika mwanzo wa filamu, kwa upande wake, aghalabu hujengwa na visivyokuwamo. Tuchukue mifano mitatu inayojulikana.

Filamu ya *Halloween* ya John Carpenter (1978) inaanza, baada ya majina, katika mji wa kubuni wa Haddonfield, Illinois, usiku wa mwaka 1963. Kamera inakuwa macho ya mtu. Tunaizunguka nyumba pamoja naye, tunaingia jikoni, tunaona mkono ukichukua kisu, tunapanda ngazi, tunavaa kinyago, na msichana anauawa mbele yetu. Ni mpaka tunapotoka nje, kinyago kinapovuliwa, ndipo tunapogundua kwamba muuaji ni mtoto wa miaka sita, naye ni ndugu wa marehemu. Msomaji wa Kiswahili atalielewa jambo hili kwa urahisi, kwa kuwa lugha yake hulifanya kila siku. Tunaposema *anaingia, anachukua kisu, anapanda ngazi*, kiambishi *a-* kinatuambia kwamba mtendaji ni mmoja, na kwa kawaida ni mtu. Hakituambii umri wake, wala jinsia yake, wala jina lake. Msikilizaji huijaza nafasi hiyo kwa kukisia. Carpenter alitengeneza sentensi ndefu yenye kiambishi cha nafsi bila nomino, kisha akaileta nomino mwishoni: *mtoto*. Kinachotisha ni nafasi tuliyokuwa tumeijaza vibaya.

Mfano wa pili ni *Night of the Living Dead* ya George Romero (1968). Gari linapanda barabara kuelekea makaburini. Kaka na dada wamekuja kuweka shada katika kaburi la baba yao. Kungali na mwanga. Kwa mbali, nyuma yao, anaonekana mtu akitembea. Hakuna anayemjali, nasi pia hatumjali, kwa kuwa mtu kuwapo makaburini ni jambo la kawaida. Ni huyo ndiye atakayewashambulia. Hapa kisichokuwamo ni onyo. Wanaisimu hutumia dhana ya mambo yanayodhaniwa, yaani yale ambayo msemaji huyachukulia kuwa yanajulikana na kukubalika hata hayahitaji kutajwa. Romero anatuachia dhana yetu kwamba mtu aliye makaburini ni mfiwa, kisha anaiadhibu.

Mfano wa tatu unawahusu wanafunzi wenyewe. *The Blair Witch Project* (1999), ya Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, inafungua kwa maandishi machache yanayotuarifu kwamba Oktoba 1994 wanafunzi watatu wa filamu walitoweka katika msitu ulio karibu na Burkittsville, Maryland, na kwamba baada ya mwaka mmoja picha walizopiga zilipatikana. Hakuna damu, giza, wala muziki. Kazi yote imefanywa na umbo la kitenzi. Picha *zilipatikana*: ni nani aliyezipata? Na kama zimepatikana picha peke yake, wako wapi waliozipiga? Kiswahili kina kauli ya kutendeka inayomweka mtendaji kando kabisa, na hapo ndipo maandishi hayo yanapotufikisha. Hofu imeingia kwa njia ya udondoshaji.

Mwanafunzi anayetumia orodha ya kaida kuitathmini mifano hii atapata nini? Kwa *Night of the Living Dead* ataandika kwamba hakuna usiku wa manane. Kwa *The Blair Witch Project* ataandika kwamba muziki haupo. Atakuwa sahihi katika yote mawili, na hatakuwa amesema lolote kuhusu sababu ya mtazamaji kukaa wima kitini.

4.0 Vitenzi Vitatu vya Tathmini

Sasa tuirudie matini ya mwanafunzi. Tutumie mfano tulioubuni wenyewe kwa ajili ya mjadala huu. Kundi la wanafunzi watatu limetengeneza mwanzo wa filamu: binti yuko peke yake nyumbani, anaosha vyombo, na nje ya dirisha la jikoni anapita mtu aliyevaa sweta lenye kofia. Tathmini ya kawaida ingesema hivi:

"Tulitumia mwanga hafifu ili kujenga wasiwasi. Tulitumia sweta lenye kofia ili mhusika awe wa ajabu. Tulitumia ukimya ili watazamaji waogope."

Sentensi hizi ni fasaha. Kasoro yake iko katika *ili* na katika kitenzi cha hali tegemezi kinachoifuata, *waogope*. Umbo hili hueleza nia. Haliahidi kwamba jambo lilitokea. Mtu anaweza kusema *nilimpigia ngoma ili acheze* hali mchezaji hakuinuka mkekani, na asiwe amesema uongo. Kwa hiyo sentensi zote tatu haziwezi kukanushwa na mtu yeyote isipokuwa waandishi wenyewe. Mtahini anazipa alama kwa imani tu.

Umbo la pili ambalo tathmini inalihitaji ni lile la *-ka-*: *watazamaji wakaogopa*. Kiambishi hiki hupanga matukio kwa mfuatano, tukio la pili likija baada ya la kwanza. Tofauti na *ili*, *-ka-* inadai kwamba jambo lilitokea kweli. Anayeitumia anaweza kuulizwa: nani aliogopa, lini, na umejuaje? Tathmini iliyoandikwa kwa *-ka-* haina budi kuleta ushahidi.

Hata hivyo, *-ka-* peke yake haitoshi. Kufuatana si kusababishana. Watazamaji wakaogopa baada ya ukimya, lakini huenda walitishwa na mlango uliogongwa katika chumba cha jirani. Ndiyo maana tunahitaji umbo la tatu, lile la *-ngali-*, linalohusu sharti ambalo halikutimizwa: *tungaliuonyesha uso wake mapema, wasingaliogopa*. Umbo hili humlazimisha mwandishi kuiweka kazi aliyoifanya kando ya kazi ambayo angaliweza kuifanya. Kila uamuzi wa kisanaa una kivuli chake, nacho ni ule uamuzi uliokataliwa. Bila ya kukitaja kivuli hicho hatuwezi kujua kama uamuzi ulikuwapo au mambo yalijiendea tu.

Tuone basi jinsi kundi lile lile lingeweza kuandika:

"Tuliuficha uso wa mtu aliye nje kwa sababu aliyemwigiza ndiye pia aliyemwigiza kaka wa binti, hatukuwa na mwigizaji mwingine. Tuliwaonyesha wenzetu sita ambao hawakuijua hadithi, tukaisimamisha picha kwenye sekunde ya 70, tukawauliza aliye nje ni nani. Wanne wakasema ni kaka yake. Hatukukusudia hivyo. Tungaliweka mwanzoni picha ya kaka akiondoka na begi, wasingalimdhania. Tuliamua kutoiweka, na jina la filamu tukalihamishia mara baada ya picha hiyo ya dirishani, ili shaka hiyo ikae."

Matini hii inakiri jambo ambalo tathmini ya kwanza ililificha, yaani kwamba sweta lenye kofia lilitokana na uhaba wa watu. Hapa *kwa sababu* imechukua mahali pa *ili*. Tofauti ya viunganishi hivi ni kubwa: cha kwanza kinaeleza chanzo, cha pili kinaeleza lengo, na mwanafunzi aliyezoezwa kuandika *ili* peke yake hujifunza kukigeuza kila chanzo kuwa lengo. Kuna ulazima gani wa kufanya hivyo? Kinyago cheupe kinachovaliwa na muuaji katika sehemu za baadaye za *Halloween* kilikuwa kinyago cha bei rahisi cha Captain Kirk wa *Star Trek*, kikapakwa rangi. Uhaba si aibu ya msanii. Aibu ni kudai kwamba uhaba ulikuwa falsafa.

Zaidi ya hayo, matini ya pili ina ugunduzi. Wanafunzi hawa walitengeneza mgeni wa kutisha, na watazamaji wakamwona ndugu. Kwa daftari la ghala, hilo lingekuwa kosa la kuficha. Kwa tathmini yenye vitenzi vitatu, hilo ndilo jambo la thamani kuliko yote yaliyopatikana katika kazi nzima.

5.0 Hoja za Upande wa Pili

Zipo hoja tatu ambazo zinaweza kutolewa kupinga msimamo huu.

Kwanza, itasemwa kwamba hofu ni hisia ya ndani, haipimiki, na kwamba wanafunzi wenza si hadhira ya kuaminika. Ni kweli kwamba swali *uliogopa?* lina thamani ndogo, kwa kuwa rafiki atajibu ndiyo kwa heshima na hasimu atajibu hapana kwa majivuno. Lakini mfano wetu haukuliuliza swali hilo. Uliuliza mtazamaji *anadhani* nini katika sekunde fulani. Dhana za mtazamaji zinaweza kuulizwa na kuandikwa. Picha ikisimamishwa kwenye sekunde ya 30, ya 60 na ya 90, zinapatikana hatua tatu za ujuzi wa mtazamaji, na mwanafunzi anaweza kuonyesha ni mkato gani uliobadilisha ujuzi huo. Kinachopimwa ni mpango wa taarifa, jambo ambalo wanaisimu wamelizoea.

Pili, itasemwa kwamba mwanafunzi mjanja atabuni watazamaji sita na majibu yao. Huenda. Lakini udanganyifu huo ni mgumu kuliko ule wa *ili*, kwa kuwa tathmini ya *-ngali-* inaweza kudaiwa kielelezo. Picha ya kaka akiondoka na begi ama ilipigwa ama haikupigwa. Kama ilipigwa na kukatwa, ihifadhiwe na iwasilishwe pamoja na kazi, mtahini azitazame namna zote mbili.

Tatu, itasemwa kwamba kaida haziwezi kupuuzwa, kwa kuwa bila kaida hakuna utanzu. Tunakubaliana na hoja hii kikamilifu. Kaida ni sarufi ya utanzu, na anayeivunja sarufi bila ya kuijua hasemi jipya, anakosea tu. Lakini hakuna mwalimu anayeisifu hotuba kwa kuwa ilikuwa na viima na viarifu. Sarufi ni sharti la kuanza kusema. Haiwi kipimo cha kilichosemwa.

Tunafikia hapa jambo linalotutia wasiwasi zaidi. Mtaala mpya ulioanza kufundishwa Uingereza mwaka 2017 uliiondoa tathmini ile ya maswali saba. Mahali pake, bodi za mitihani ziliweka taarifa ya nia, yenye maneno yapatayo 500, ambayo mwanafunzi anaeleza ndani yake anachokusudia kufanya na jinsi atakavyokifikia. Kazi ya vitendo yenyewe imepewa asilimia 30 ya alama zote za somo. Tunaelewa mvuto wa badiliko hili. Tathmini za zamani zilikuwa ndefu, zilifanana, na walimu walichoka kuzisoma. Lakini angalieni kilichobaki na kilichoondoka. Kilichobaki ni *ili waogope*, safari hii ikiandikwa mapema na kwa jina lake halisi. Kilichoondoka ni ile nafasi, hata kama ilitumiwa vibaya, ya kugeuka nyuma na kusema *wakaogopa* au *hawakuogopa*. Maradhi yalikuwa katika kitenzi, na tiba ikaukata mkono ulioandika.

6.0 Hitimisho

Msomaji anaweza kuuliza jambo hili linaihusuje idara ya Kiswahili. Linaihusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya nadharia. Tumezoea kuvifundisha viambishi *-ka-* na *-ngali-* kama maumbo ya kukaririwa katika jedwali la njeo na hali. Mjadala huu unaonyesha kwamba ni vyombo vya hoja: vinamfunga mwandishi kwa madai tofauti na kumtaka ushahidi tofauti. Lugha ambayo imevitia viambishi hivi ndani ya kitenzi chenyewe inampa mwanafunzi wake ukumbusho katika kila sentensi kwamba kukusudia, kutokea na kutotokea ni mambo matatu.

Ya pili ni ya utendaji. Popote tunapomtaka mwanafunzi wa uzamili aambatishe maelezo kwa tamthilia, hadithi au tafsiri aliyoitunga, tunaomba tathmini ya aina ile ile. Tusipoangalia, tutapokea *nilitumia taharuki ili msomaji avutike*, na tutaipa alama. Tunapendekeza kwamba maelezo ya namna hiyo yatakiwe kuwa na angalau uamuzi mmoja uliokataliwa, pamoja na rasimu yake. Angalau msomaji mmoja aliyeulizwa alichodhani kabla ya ukurasa wa mwisho. Na angalau jambo moja lililotokea bila ya kukusudiwa.

Kwa yule kijana wa Uingereza mwenye kamera, sweta la kuazima na dakika 2, pendekezo ni fupi zaidi. Awaketishe watu ambao hawaijui hadithi yake, asimamishe picha mlango ukiwa haujafunguliwa, awaulize kuna nani nyuma yake. Majibu yao ayaandike kama walivyoyasema. Hapo ndipo tathmini yake inapoanza.